Nyepesi Kuliko Ile ya Kwanza

Dorkas hakuyatafuta maneno yale. Alikuwa nyuma ya nyumba akianua nguo, nayo yakapita dirishani yakamkuta na vibanio mdomoni.

"Nyepesi kuliko ile ya kwanza," mume wake, Chediel, alikuwa anasema kwenye simu, sauti ameibana. "Ile ilimchosha kifundo cha mkono. Hapana bwana, siyo mimi. Mimi nina mkono kama jeki. Huyu mkono wake ni mwembamba. Na mashine yake iwe ndogo, izunguke laini. Rangi? Weka nyekundu. Nyekundu anaiona vizuri."

Halafu akacheka kidogo. Maneno Dorkas angeweza kuyasamehe, lakini kile kicheko kilimchoma, maana kilikuwa cha upole, cha mtu anayemfikiria mtu. Alisimama pale na shati la mume wake kifuani, jua la Manyoni likimpiga utosini, mpaka mbuzi wa jirani akaja kunusa beseni.

Wakati wa chakula cha jioni alimwuliza, macho yakiwa kwenye ugali. "Mchana ulikuwa unaongea na nani?"

"Clement. Wa duka la vipuri."

"Kuna nini?"

"Mambo ya pikipiki tu."

Dorkas akamega tonge, akalizungusha vidoleni bila kulila. Pikipiki gani hiyo yenye kifundo cha mkono?

Chediel alikuwa fundi pikipiki, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi isiyoisha. Tangu mvua zilipokatika alikuwa amezusha tabia mpya: kila Jumapili baada ya ibada alikula haraka, akavaa kofia, akaenda kuvua bwawani, kule nje ya mji ambako wafugaji hunywesha ng'ombe. Kuvua hakukuwa kugeni kwake. Zamani alikwenda na mti aliojikatia mwenyewe na kopo la minyoo, akarudi na kambale wa kutosha mboga na wa kumgawia jirani. Siku hizi alirudi na perege mmoja mdogo, au mikono mitupu, na uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuungama. Kopo la minyoo lilikuwa limelala chini ya pipa la maji, udongo umekauka ndani yake hadi umepasuka.

Siku Janeth alipokuwa anamsuka, Dorkas aliropoka habari ya kopo. Janeth alikuwa jirani yao, msusi, na kichwa kikishaingia mikononi mwake hakitoki na siri.

"Shoga yangu," Janeth alisema, akivuta nywele hadi Dorkas akafumba macho, "mwanaume anayeenda kuvua bila minyoo, anavua nini?"

"Labda ana chambo kingine."

"Chambo anacho! Chambo ni yeye mwenyewe, na kofia ile! Juzi dada yangu alipitia kule akitoka shambani. Kamwona mumeo amekaa kando ya lile jiwe kubwa. Na upande wa pili wa jiwe kulikuwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Kofia pana na mkono. Mkono wa kike, mwembamba." Janeth akakaza msuko. "Hawakukaa pamoja. Jiwe katikati. Hao ndio wabaya, Dorkas. Wanaokaa pamoja hawana cha kuficha."

Dorkas alikuwa mwalimu wa chekechea, mzoefu wa kuamua kesi za penseli zilizoibiwa, na alijua kwamba mtoto anayelia kwanza siye anayesema kweli daima. Lakini usiku ule alilala akiuelekea ukuta.

Siku mbili hakuuliza. Ya tatu, Chediel akiwa kazini, alifungua sanduku la spana. Chini ya spana zote, kwenye kitambaa safi, kulikuwa na kijisanduku cha plastiki kinachoonyesha ndani, kimegawanywa vyumba vidogo. Kimoja kilikuwa na kipande cha shaba chembamba kama ukucha, kinaning'inia, na chini yake manyoya mekundu. Herini, Dorkas aliwaza. Alikitoa, akakisogeza sikioni mbele ya kioo, ili ajue huyo mwenzake anapendezaje. Kikamchoma kidole. Akakitazama tena. Ndani ya manyoya mlikuwa na ndoano yenye ncha tatu.

Katika vyumba vingine mlikuwa na kisamaki cha mti kilichopakwa rangi, kina macho, mnyoo wa mpira unaonesa ukiugusa, na kichura. Vyote chambo, vyote bandia. Dorkas alinyonya damu ya kidole akiwa amechuchumaa sakafuni. Ilipaswa kumpa nafuu, maana kumbe mume alikuwa anavua kweli. Lakini mume wake hakuwa mtu wa kuogopa mnyoo. Basi nani alikuwa anaogopa minyoo?

Kesho yake alipotoka shuleni alipitia kwa Clement.

Duka lilikuwa la vipuri vya baiskeli na pikipiki, tairi zimening'inia mlangoni kama mapazia. Vifaa vya uvuvi vilikaa kona ya nyuma, kwa watu wachache wenye wazimu huo. Clement alikuwa mnene, mchangamfu, na alipenda kuuza kwa mdomo kabla ya mkono.

"Karibu dada. Tairi au cheni?"

"Nilitaka kuona fimbo za kuvulia," Dorkas alisema, sauti ikimpotea njiani.

Clement hakumtazama usoni. Alimtazama mkono. Halafu akapiga makofi. "Ahaa! Kumbe ndiwe mwenye mkono mwembamba!"

Dorkas alinyamaza. Hakujua kwamba kunyamaza nako ni kusema uongo, ila safari hii kulimsaidia, kwa kuwa Clement alishaanza kuteremsha fimbo ukutani.

"Jamaa alikaa hapa asubuhi nzima kama anachagua ng'ombe wa mahari. Kila fimbo anaiweka juu ya kidole kimoja, anatazama inalalia wapi. Hii hapa ndiyo aliyochukua kwanza. Shika."

Dorkas aliishika. Ilikuwa nene, na ncha ilivuta kiganja chake chini.

"Hiyo ni ya kupigana na sangara kule Mwanza. Kwa bwawa letu ni sawa na kuua nzi kwa shoka. Nilimwambia, akabisha. Baadaye akairudisha, anasema kuna mtu amefunga kitambaa pale kwenye shina la fimbo, akaiacha mlangoni. Mimi sikuelewa, yeye alielewa: inaumiza kifundo." Clement akateremsha nyingine, ya vipande viwili vinavyoungana. "Sasa hii. Pacha wa hii ndiyo fimbo aliyoondoka nayo juzi."

Ilikuwa nyepesi kama bua la mtama lililokauka. Dorkas aliitikisa kidogo, na mtetemo ukapanda hadi kwenye kiwiko.

"Umeusikia? Kambale akigusa tu, habari unayo. Na mashine ya kukunjia mshipi lazima iwe ndogo. Ukifunga mashine nzito kwenye fimbo nyepesi, ncha inatazama mbinguni, mkono unalia. Na mshipi wake mwembamba, maana chambo chenyewe hakina uzito. Mshipi mnene haukirushi mbali, kinaanguka miguuni pako." Alimwonyesha karatasi ya boksi, yenye picha ya samaki mwenye mdomo mpana kama mlango wa stoo. "Huyu usimtafute, hayupo kwetu, ni wa Wazungu. Lakini kinachomdanganya yeye kinamdanganya na kambale. Chukua hicho cha manyoya mekundu, kivute polepole, kizunguke."

"Kwa nini hakuchukua ndoano za kawaida?" Dorkas aliuliza. "Minyoo ipo."

"Si wewe?" Clement alicheka. "Alisema wewe huwezi kushika mnyoo."

Kucha za rangi, Dorkas aliwaza. Mwanamke wa kucha ndefu, wa mafuta mazuri, anayeona mnyoo anapiga yowe na mume wa mtu anakimbilia kumsaidia.

"Ila kitu kimoja kilinishangaza," Clement aliendelea. "Mtu wa mkono wa kulia hushika fimbo kwa kulia, akazungusha kwa kushoto. Jamaa akaniambia nikihamishe kishikio kiende kulia. Wewe ni wa kushoto?"

"Eeh," alisema Dorkas, ambaye hakuwa wa kushoto, akatoka bila kuaga.

Wa kushoto! Njiani alihesabu wanawake wote aliowajua wanaoandika kwa kushoto, akampata mmoja. Flora wa kwaya, mwembamba, mwenye sauti ya kwanza, ambaye mwaka jana Chediel alimtengenezea pikipiki akamwambia alipe siku yoyote. Jumapili ile kanisani Dorkas hakusikia mahubiri. Alitazama mkono wa Flora ukigeuza kurasa. Ulikuwa mwembamba kweli. Ulipendeza, na Dorkas alimwonea huruma Flora kwa namna alivyokuwa anamchukia.

Chediel alikula haraka, akavaa kofia, akatoka. Dorkas akapanga nguo zake kwenye begi. Hakulia. Alikunja kila kitu vizuri, hata kanga za zamani, kwa sababu hakutaka mtu aseme aliondoka kwa hasira. Angeenda kwa mama yake, angekaa huko, na Chediel akitaka kueleza angeeleza mbele ya wazee.

Mama yake, Bi Theodora, aliishi ng'ambo ya reli. Alikuwa Mnyiramba aliyezaliwa kando ya ziwa Kitangiri, binti wa mvuvi, akaolewa huku kwenye ukame ambako watu walimcheka kwa kusema usingizini habari za mitumbwi. Mwaka jana alipata kiharusi chepesi, mkono wa kulia ukalegea. Alikwenda hospitali kwa mazoezi, na baada ya muda akamwambia Dorkas mkono umepona, asimsumbue tena kwa maswali, ajiandae na chuo. Dorkas alikuwa amepata nafasi ya stashahada Singida.

Kwa mama huyo Chediel alikuwa na adabu iliyopita kiasi. Ukoo wake ulishika desturi ya Kigogo: mkwe wa kiume hamtazami mama wa mke wake usoni, haketi naye mkeka mmoja, hampi kitu mkononi. Wakipishana njiani, yeye huingia porini. Chediel alimwamkia kutoka nje ya ua, "Mbukwenyi," macho chini, na salamu nyingine zote zilipita kwa Dorkas. Mama alikuwa akitania kwamba ameozesha binti yake kwa kivuli.

Mlango wa mama ulikuwa na kufuli.

Dorkas alisimama na begi mkononi. Mama hakuwa mtu wa kutembea Jumapili mchana. Aligonga hata hivyo, kama vile kufuli lingeweza kuwa linatania, na hapo ndipo machozi yakaja. Hakuwa na mtu wa kumwambia kaa chini kwanza, kunywa maji. Basi miguu ikamgeuza yenyewe, ikamchukua na begi lake, njia ya bwawani.

Aliwaona kutoka kwenye vichaka. Chediel alikuwa amekaa chini, mgongo ameliegemezea jiwe kubwa. Fimbo yake ya zamani ilikuwa imelala kando, havui. Upande wa pili, nyuma ya jiwe, ilionekana kofia pana ya ukindu, bega ndani ya koti kuukuu la kiume, na ile fimbo nyepesi ikipanda na kushuka majini. Kifundo cha mkono kilikuwa chembamba kama alivyosikia. Sauti ya chini ilisema kitu, upepo ukakila. Chediel akacheka. Kicheko kilekile.

Dorkas, ambaye hakuwahi kumkemea hata mtoto aliyemmwagia uji, alisikia sauti ikimtoka asiyoijua.

"Wewe mwanamke usiye na haya! Geuka nikuone huo uso! Mume wa mtu si kambale wa bwawa la umma, kila mwenye ndoano avue!"

Ng'ombe waliokuwa wanakunywa ng'ambo waliinua vichwa. Ncha ya fimbo ilisimama hewani.

"Jiwe," ilisema sauti kutoka nyuma ya jiwe, taratibu, "mwambie huyo anayepiga kelele kwamba anafukuza samaki."

Begi lilimponyoka Dorkas mkononi. Sauti ile ndiyo iliyompa jina lake.

Kofia iligeuka. Kutokana na kile kishindo kanga aliyojitanda usoni chini ya kofia ilikuwa imemwanguka Bi Theodora, uso uko wazi, na Chediel, aliyekuwa amesimama kwa mshtuko, alimwona mama mkwe wake ana kwa ana kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alijifunika uso kwa kofia, akarudi kinyumenyume kwa heshima zote hadi akaingia majini magotini.

"Mama," Dorkas alisema. Akapiga magoti kwenye matope. "Mama, mimi sikujua. Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba. Hiyo habari ya kambale umeifundishwa wapi? Chekechea?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Ni tusi zuri."

Dorkas aliinua macho, na ndipo alipouona mkono. Wa kushoto ulishika fimbo. Wa kulia ulikuwa kwenye kishikio cha mashine, vidole vimekizunguka kwa shida, kidole kidogo kimenyooka kimekataa kukunjika. Akakumbuka chai ambayo mama alikuwa hamimini tena mwenyewe. Akakumbuka kila alipofika na chakula mama alikuwa ameshakula, na kila mara mkono ulikuwa chini ya kanga.

"Haujapona," alisema.

"Unapona. Mwezi wa nne haukushika hata kijiko." Bi Theodora alizungusha kishikio, polepole, mshipi ukaingia. "Hospitali walinipa mpira, wakaniambia finya, finya, kama mtoto. Siku moja uliniponyoka ukaviringika hadi kizingitini. Aliyeuokota ni huyo aliyesimama majini, alikuwa amempeleka mwenzake aliyeanguka na pikipiki. Hakunitazama. Aliuweka chini, akaondoka. Asubuhi iliyofuata nikakuta fimbo imeegemezwa mlangoni kwangu." Akatabasamu. "Ya kuvulia mamba, ilivyo nzito. Nikaifunga kitambaa pale ilipoumiza, nikairudisha palepale. Ikaja hii. Mnyoo vidole vyangu haviwezi kuutunga, basi akaniwekea hivi vidude vyekundu. Ni vya uongo, lakini samaki wa huku ni washamba."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungekiacha chuo ukaja kunifinyisha mpira. Na ningesemaje kanisani? Kwamba navua na mkwe wangu? Wazee wake wangemtoza mbuzi." Hapo macho yake yakashuka kwenye matope. "Na hilo begi la nini?"

Ng'ambo ya jiwe maji yalivurugika. Chediel alikuwa ametoka, amekaa tena mahali pake, mgongo kwenye jiwe, suruali inachuruzika. Alipoongea, aliongea na bwawa.

"Jiwe, mwambie mama, hata mimi nimeliona begi. Amwulize binti yake lilikuwa linakwenda wapi."

Kulikuwa na maumivu ndani ya sauti ile, na Dorkas aliyasikia hadi kwenye kiwiko. Mwanaume huyu hakujua kusema uongo. Alijua tu kunyamaza, na Dorkas alikuwa ameujaza ule ukimya kwa Flora na kucha na herini.

Alisimama. Akaliacha begi. Akapanda juu ya jiwe, akakaa katikati, mama upande huu, mume upande ule, mahali ambapo siku zote palikuwa pake na alikuwa amepaacha wazi bila kujua.

"Nipeni mimi hayo maneno," alisema. "Jiwe limechoka."

Mama akaanza: "Mwambie mumeo amekosea kuficha, ingawa nilimwomba mimi. Mke hafichwi."

Dorkas aligeuka. "Mama anasema umekosea kunificha."

"Mwambie mama ni kweli. Nimekosa."

"Anasema ni kweli."

"Sasa mwambie na mkewe amekosea," mama akasema. "Aliuliza msusi, akauliza muuza tairi, hakumwuliza mwenye kosa."

"Umejuaje habari ya msusi?"

"Manyoni hii hii? Mwambie."

Dorkas aligeuka tena upande wa mume wake. Alimwona shingo tu, yenye ule mstari wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote. "Mama anasema," alianza, akakoma. Halafu akaendelea bila mama. "Nimekosea, Chediel. Begi lilikuwa linaondoka. Sasa haliondoki."

Chediel hakugeuka. Alivua kiatu, akamwaga maji, akakivaa tena.

"Ulidhani ni nani?" aliuliza hatimaye.

"Mtu tu."

"Mtu gani?"

"Na mimi nataka kujua," mama alisema kutoka ng'ambo.

"Flora wa kwaya," Dorkas alinong'ona.

Jiwe lote lilitikisika, au ndivyo alivyohisi, maana walicheka pande zote mbili kwa pamoja. Chediel alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akapapasa, akapata kisigino cha mke wake, akakishika.

"Mwambie mama," alisema, "jioni begi nitalibeba mimi. Lisije likakuchosha kifundo cha mkono."

Dorkas alifungua kinywa ili afikishe ujumbe. Lakini ncha ya ile fimbo nyepesi iliinama, ikainuka, ikainama tena kwa nguvu, na vidole vya kulia vya Bi Theodora vikakaza kwenye kishikio, hata kile kidogo.

"Jiwe," mama alisema bila kupumua, "nyamaza kwanza. Kuna kitu kinagusa."